Bunduki Iliyopasuliwa Ubavu

Mwezi uliopita nilikwenda kwa fundi wangu wa nguo kuchukua gauni la harusi ya mdogo wangu, nikamkuta hana gauni wala habari ya gauni. Alikuwa ameilaza cherehani barazani, kaifungua tumbo, anaidondoshea mafuta kwa kichupa chenye mdomo mrefu. "Dada, nivumilie mpaka saa kumi," akasema. Nilitaka kumgombeza, maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni. Lakini ile harufu ya mafuta ya mashine juu ya chuma ikanifikia kwanza, na mkono wangu, mkono wa mtu mzima mwenye watoto wawili, ukaanza wenyewe kuutafuta mkono wa bibi yangu. Nikakaa kwenye benchi la wateja, nikasubiri hiyo saa kumi bila neno.

Harufu ile niliijua mwaka aliofariki mjomba.

Wakati huo tulikaa Mtoni Mtongani, nyumba ya tatu kutoka barabara ya Kilwa. Yakipita malori ya makontena kutoka Kurasini, vikombe vilicheza kabatini na Mama alinyoosha mkono bila kuangalia, akavituliza. Baba alifanya kazi huko huko Kurasini, kwenye yadi ya makontena, akitoka alfajiri na kurudi tumeshakula. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake: Mama, mie, na bibi yangu mzaa mama, Bi Somoe, mtu wa Newala, ambaye kila alasiri alikaanga mihogo barazani na kuiuzia nusu ya mtaa.

Bibi alikuwa na sauti. Ukikosea jambo upande wa pili wa mtaa, ulijua kwamba umekosea. Mie aliniita mke mwenzake, na wateja wakija alinisema kwao nikiwa nimesimama hapo hapo: "Huyu mke mwenzangu mvivu kweli. Mume akirudi namshitakia." Watu wakacheka, nami nikanuna, naye akanitilia kipande cha muhogo kwenye karatasi, chenye chumvi na pilipili, ili ninyamaze.

Mtoto wake wa mwisho alikuwa Mjomba Mfaume. Mama ndiye aliyemtangulia, na kati yao walikuwepo wengine wawili waliokufa wachanga, ndiyo maana Mama alimlea kama wake. Mjomba alikuwa mwanajeshi. Akija likizo alivua buti mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye karai la Bibi, akachomoa muhogo ndani ya mafuta yanayochemka kwa vidole vitupu. Bibi alimpiga na mwiko mgongoni. "Utaungua, mjinga wewe!" Naye anahamisha muhogo mkono huu kwenda mkono ule, machozi yanamtoka, anasema, "Mama, mwanajeshi haungui." Halafu anakimbilia kwenye ndoo ya maji.

Siku moja aliaga kwamba anakwenda nchi ya jirani kulinda amani. Mie jambo hilo lilinishangaza sana. Mtaani kwetu kulikuwa na mtoto anaitwa Amani, mwana wa mama mmoja muuza genge, mwenye kamasi zisizokauka, na nilijiuliza kwa nini mjomba aende mbali kote huko kumlinda Amani ilhali Amani yupo hapa, anachezea matope. Sikumwuliza mtu. Nilianza tu kumwangalia Amani kwa heshima, na mara moja nilimpa kashata yangu.

Mjomba alikuwa akipiga simu siku za Ijumaa. Bibi aliishika ile simu kwa mikono miwili na kupiga kelele kana kwamba sauti yake ndiyo inayotakiwa kuvuka mpaka yenyewe. "Unakula? Nakuuliza unakula?" Halafu simu zikakoma, na wakaja wanajeshi watatu nyumbani kwetu, wamevaa nguo zilizopigwa pasi vizuri mno, wakamwomba Mama aketi.

Ya msiba ninayakumbuka vipande vipande. Turubai lilifunga njia nzima. Wanawake walijaa chumbani kwa Bibi hadi hewa ikawa haitoshi. Jeneza lilifika na bendera, likawekwa sebuleni, na Bibi akatoka chumbani akishikiliwa huku na huku, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mfungueni nimwone." Afisa mmoja mwenye mvi akainama mbele yake. Akasema mama, tumeshauriwa lisifunguliwe. Bibi akamgeukia sheikh. Sheikh naye akatazama chini. Nilimwona yule afisa akimvuta Mama pembeni, karibu na kabati la vikombe, akamwambia neno sikioni. Mama akafumba macho. Kisha akarudi kwa Bibi, akamshika mabega: "Mama, mwache aende alivyo." Jeneza likatoka na wanaume, kwa takbiri, na sisi wanawake tukabaki. Kwetu mwanamke haendi makaburini. Kwa hiyo Bibi hakumwona mwanawe, wala hakuliona shimo alimowekwa. Aliona sanduku na bendera, basi.

Baada ya hapo alilala. Hitima ikasomwa, arobaini ikapita, turubai likawa la msiba wa watu wengine, na Bibi bado kalala kwenye mkeka wake, uso ukutani. Alikula akilishwa. Karai la mihogo likapata kutu, wateja wakazoea kununua kwa mwingine. Sauti yake ikapotea, na mtaa mzima ukawa kama umeondokewa na kitu. Sikujua nifanye nini. Nilijikalisha nyuma yake na kumsuka na kumfumua zile nywele zake chache, naye hakuniita mke mwenza hata mara moja.

Ila jioni, Mama akimkanda miguu, alikuwa akisema. Lilikuwa neno lilelile.

"Zainabu."

"Abee, mama."

"Aliniita."

"Mama, jamani."

"Mtoto akiumia huita mama yake. Kalala porini kule, anavuja damu, ananiita. Muda gani? Kaita muda gani hadi akanyamaza?"

Mama aliendelea kukanda. Nakumbuka vidole vyake vilivyokuwa vikienda juu na chini kwenye muundi wa Bibi, taratibu, na uso wake hauna kitu. Sasa najua alikuwa na kitu. Wakati ule nilimwona amechoka tu.

Kuna jambo jingine nililolisikia msibani. Jirani mmoja, mpenda habari, alikuwa akiwaambia wenzake chini ya turubai kwamba waliofanya kitendo kile wameshakamatwa. "Na bunduki yenyewe imekamatwa. Jeshi letu halichezewi." Kama ilikuwa kweli au alijitungia, sijui hadi leo. Nililibeba kama lilivyo, nikakaa nalo.

Yalipofika maonyesho ya Sabasaba, mwalimu wetu alitupanga mistari miwili, tukaenda kwa miguu, kwa kuwa viwanja vya maonyesho vipo barabara hiyo hiyo ya Kilwa. Tuliona ng'ombe wa maziwa, tukaona matrekta, tukapewa mifuko ya plastiki yenye picha. Mwisho tukaingia kwenye banda la jeshi.

Palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, na nyuma ya meza amesimama askari mwanamke, kavaa kombati, bereti imelala vizuri upande mmoja. Watu walimwita Koplo Paskazia. Alikuwa na lafudhi ya bara, ya watu wa Ziwa, na alikuwa akieleza mambo yake kwa wimbo kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mbele yake, juu ya vigingi viwili vya mbao, ililala bunduki.

Ilikuwa imepasuliwa ubavu. Tangu kwenye kitako hadi karibu na mdomo, chuma kilikuwa kimekatwa na kuondolewa, ukaweza kuona ndani: springi zilizojikunja, vyuma vidogo vilivyolaliana, tundu refu linalokwenda mbele. Kingo zote zilizokatwa zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu. Ilinukia mafuta.

Inabidi niseme kwamba masika ya mwaka ule nyoka aliingia kwenye banda la kuku la Bibi. Baba na vijana wa mtaani walimuua, na kwa kuwa kifaranga kimoja kilikuwa hakionekani, wakampasua yule nyoka kwa kisu tangu shingoni hadi mkiani. Kifaranga kikakutwa humo, kimelowa, mabawa yameshikana na mwili. Mie nilikuwepo. Kwa hiyo nilipoiona bunduki ile, wekundu wake na mpasuko wake, sikuhitaji kuelezwa na mtu. Hii ndiyo ile iliyokamatwa. Wameipasua wamtafute mjomba.

Koplo akauliza, "Nani ana swali?" Nikanyoosha mkono.

"Mmemkuta?"

"Nani, mdogo wangu?"

Nikainama nikachungulia ndani ya ule ubavu. Wenzangu wakaanza kucheka. Mwalimu akanishika kola ya shati, akasema tunachelewa kwenye banda la umeme, na mstari ukaondoka nami. Nilipogeuka, yule koplo alikuwa bado ananiangalia, na ule wimbo wake ameuacha katikati.

Nilifika nyumbani Mama yuko sokoni. Bibi kalala kama kawaida. Nikapiga magoti nyuma yake, nikamwambia mgongoni, "Bibi, bunduki iliyomuua mjomba nimeiona. Ipo Sabasaba. Wameipasua."

Akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuuona uso wake wote. Shavu moja lilikuwa limechorwa mistari ya mkeka.

"Umeiona wewe?"

"Nimeiona kwa macho yangu."

"Imepasuliwa?"

"Ubavu wote, bibi. Mpaka ndani kunaonekana."

Akakaa kitako. Akavuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi. "Nipelekee maji bafuni," akasema.

Mama aliporudi na kapu lake alimkuta mama yake mlangoni, kaoga, kavaa baibui, kajipaka mafuta usoni, anauliza kiatu chake kingine kimewekwa wapi. Mama akaangusha kapu. Nyanya zikaenda chini ya kochi.

"Unakwenda wapi?"

"Sabasaba."

"Sabasaba kufanya nini?"

"Kuiona iliyoniulia mwanangu. Huyu kaiona."

Mama akanitazama kwa jicho ambalo sikulielewa. Halikuwa la hasira. "Mama, huyu mtoto," akaanza, akaishia hapo. Nadhani alikuwa amejiandaa kusema kwamba si yenyewe, haiwezekani ikawa yenyewe. Lakini mbele yake alikuwa amesimama mama yake kwa miguu yake miwili, ananukia sabuni. Akaokota nyanya moja, akaishika tu. "Sasa hivi jioni," akasema. "Wanafunga. Tutakwenda kesho, mie na wewe."

"Na mke mwenzangu," akasema Bibi.

Usiku ule nililala vizuri mno, kwa kuwa nilikuwa nimesikia jina langu.

Asubuhi hatukwenda kwa miguu, Bibi alikuwa hana nguvu. Mama akaita bajaji. Viwanjani Bibi hakutazama ng'ombe wala trekta. Alinishika mkono, kiganja chake kikavu na chepesi, akaniambia, "Niongoze." Nikamwongoza. Mama alikuwa nyuma yetu, ameubana mkoba kifuani.

Bandani palikuwa na wanafunzi wa sekondari. Bibi akasimama pembeni, akasubiri hadi wa mwisho akatoka. Ndipo akasogea mezani. Koplo Paskazia akaniona kwanza mie, akanitambua. Kisha akamwona yeye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye haya madude?"

"Ndiyo, bibi."

"Mtoto wa kike."

"Ndiyo, bibi," akatabasamu kidogo. "Karibu."

Bibi akainama juu ya ile bunduki. Aliitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwisho hadi mwanzo, kama anavyotazamwa samaki sokoni. Halafu akauliza, "Ndiyo hii iliyomuua Mfaume?"

Koplo akamtazama Mama. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu. Alikuwa mwenzenu. Alikwenda kule kulinda amani, hakurudi."

Nikaona mikono ya yule koplo ikikaa sawa mapajani. Nilisubiri aseme ndiyo. Nilikuwa na hakika. Hata kidevu nilikuwa nimekiinua.

"Hapana, bibi," akasema. "Pole sana. Siyo hii. Hii haijawahi kumpiga mtu. Imekatwa karakana, kusudi wanaojifunza waone ndani inavyofanya kazi. Na hizi nyekundu ni rangi tu, ili pale palipokatwa paonekane."

Sakafu ya banda lile ilikuwa ya mchanga, na ninaikumbuka punje kwa punje, maana ndiyo niliyoitazama. Niliogopa kuinua macho. Nilifikiri Bibi ataanguka, atarudi kwenye mkeka palepale. Mama alishamshika kiwiko.

Bibi hakuanguka. Akasema, "Nilitaka iwe hii." Akapangusa mdomo kwa ncha ya mtandio. "Basi, maadamu mna mwenzake hapa na mmemfungua, nionyeshe. Waliniletea sanduku limefungwa. Mwanangu sikumwona. Nionyeshe hiki kinavyofanya."

"Mama, twende," Mama akasema.

"Mie sijamaliza, Zainabu."

Koplo akafikiri kidogo. Akatoka nyuma ya meza, akaenda kuweka kiti cha plastiki mlangoni ili watu wasiingie, akarudi, akasimama upande wetu, bega kwa bega na Bibi. Ule wimbo wa kuwaelezea wanafunzi hakuutumia. Aliongea taratibu, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia.

"Hapa risasi zinakaa, zimepangana, springi inazisukuma juu. Hii ni ya mafunzo, haina baruti." Akaweka kijirisasi cha shaba. Akaikoki. Kwa ule upande uliokatwa tuliona kile chuma kikirudi nyuma, risasi ikapanda, chuma kikaenda mbele kikaisukuma, ikaingia kwenye tundu na kutulia. "Sasa imeingia. Mtu akivuta hapa, nyundo hii ndogo inagonga nyuma yake." Akavuta. Kikalia kitu kidogo, *ka*.

"Basi?" akauliza Bibi.

"Basi, bibi. Ndivyo hivyo."

"Kidogo hivyo?"

"Kidogo hivyo."

"Tena."

Koplo akafanya tena. Bibi akamwomba tena. Safari hii aliingiza kidole chake, kidole kilichokatwakatwa na visu vya muhogo, akaigusa ile nyundo, akaigusa springi, akakipitisha kidole kwenye kingo zenye rangi. Kikatoka na mafuta. Akakinusa.

"Ikitoka humu hadi kumfika mtu, muda gani?"

"Hakuna muda, bibi. Ukisema 'ah' imeshafika."

"Anasikia mlio?"

"Risasi inautangulia mlio wake. Anayepigwa, mlio unamkuta ameshapigwa."

Bibi akaitikia kwa kichwa, pole pole. Kisha likatoka lile neno lake, lile la kila jioni, ila sasa analiuliza mtu anayeweza kujibu. "Na akishapigwa, anakaa muda gani? Anaita?"

Yule dada angeweza kumpa jibu jepesi. Nimefikiria hili mara nyingi nikiwa mtu mzima. Alikuwa kijana, hakutufahamu, na mlangoni watu walikuwa wameanza kujaa wakichungulia.

"Sitaki kukudanganya, bibi. Sikuwepo. Inategemea imempata wapi. Wengine wanakaa. Wengine hawajui hata kimetokea nini."

Bibi akageuka. Alimgeukia Mama mwili mzima.

"Alipigwa wapi?"

Mama akatikisa kichwa.

"Zainabu. Yule mwenye mvi alikunong'oneza. Niliona. Alipigwa wapi mwanangu?"

Ndipo nilipouona uso wa Mama ukipasuka. "Kichwani," akasema. "Hapa." Akagusa juu ya jicho lake mwenyewe. "Ndiyo maana hawakufungua. Nilitaka umkumbuke alivyokuwa. Sikutaka uwe na picha hiyo, mama. Nisamehe."

Bibi akamrudia koplo. Alimtazama tu.

"Kama ni hapo," akasema Koplo Paskazia, na sauti yake ilikuwa imeshuka hadi ikawa kama ya mtoto, "basi hakuita, bibi. Hakuita mtu. Hakupata nafasi ya kuita."

"Hakuniita?"

"Hakukuita."

Kile kilio kilichomtoka Bibi ndicho mtaa wetu ulikuwa unakingoja tangu siku ya turubai. Kilikuwa na sauti yake yote ndani yake. Alishika ukingo wa meza, akalia akiinama na kuinuka, akamtaja Mfaume kwa jina lake na jina la baba yake na la kijiji alikozaliwa. Watu mlangoni wakavua kofia. Koplo akavuta kile kitambaa cha kijani kutoka mwisho wa meza, akaifunika ile bunduki yote, kisha akampa Bibi kiti, akapiga magoti chini, kwenye mchanga, na kombati yake iliyopigwa pasi, akamshika miguu.

Baadaye, Bibi akinywa soda iliyoletwa na askari mwingine, koplo alinigeukia mie.

"Jana uliniuliza kama tumemkuta. Ulikuwa unamtafuta nani?"

"Mjomba," nikasema.

Akanivuta karibu, akaniwekea kidevu chake juu ya kichwa, na hakunieleza neno. Nimeshukuru hadi leo kwamba hakunieleza. Nilikuwa nimeshaelewa, nilipoona kingo zile ni rangi tu, kwamba hakuna tumbo lolote tutakalolipasua tukamkuta.

Wakati wa kuondoka Bibi alimuuliza kwao ni wapi, akajibu Muleba. Akamuuliza kama mama yake yupo, akasema yupo. "Mpigie leo," Bibi akasema. "Si Ijumaa. Leo." Koplo akasema, "Sawa, bibi," akasimama wima akampigia saluti, kama wanavyowapigia wakubwa wao. Bibi hakujua afanye nini na saluti, akamshika ule mkono ukiwa bado kwenye paji la uso, akaushusha, akaubusu.

Nyumbani Bibi hakwenda kwenye mkeka. Alikaa sebuleni, akamwita Mama, akamwambia aanze mwanzo: wale wanajeshi watatu walisema nini, afisa alisema nini, nani alimwosha, kama yeye mwenyewe alimwona. Mama akasema yeye alimwona. Alikwenda hospitali ya jeshi na Baba kabla ya jeneza kuja, kumtambua, na akarudi nyumbani akapika chai ya waombolezaji. Yule afisa alimkumbusha tu sikioni kile alichokuwa ameshakiona. Baba hakuyataja tena, na Mama akabaki nayo yote peke yake. Kila jioni alimkanda mama yake miguu, akisikia lile swali, na jibu lake alikuwa nalo mdomoni, akidhani ni sumu.

"Uliyaona na ukakaa nayo," akasema Bibi.

"Nilikuwa nakutunza, mama."

"Na wewe alikutunza nani?"

Mama akateleza kutoka kwenye kochi hadi chini, akaweka kichwa mapajani kwa Bibi, mtu mzima, mama wa watu, akaanza kulia. Sikuwahi kumwona Mama akilia. Msibani hakulia, alikuwa akigawa khanga na kuhesabia watu sahani. Nilisimama mlangoni na sare yangu chafu ya jana mkononi, niliyokuwa nimeambiwa niiloweke, na sikujua kama ninaruhusiwa kuona.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikidhani nitamkuta Mama jikoni kama siku zote. Alikuwa amelala. Kalala kwenye mkeka wa Bibi, uso ukutani, kajifunika khanga hadi kichwani, na malori yalikuwa yakipita na vikombe vinalia kabatini bila mtu wa kuvishika. Nikaingiwa na hofu ile niliyoijua. Nikakimbilia uani.

Bibi alikuwa amechutama mbele ya jiko la mkaa, analipepea kwa mfuniko wa ndoo. Sufuria ya uji ilikuwa imeanza kufurukuta. Macho yake yalikuwa yamevimba na khanga yake ameifunga kifuani kwa fundo la kazi.

"Bibi, Mama haamki."

"Mwache alale," akasema, akakoroga. "Mdogo wake kafa."

Akachota uji kikombe cha kwanza, akaupoza kwa kuumimina kikombe hiki na kikombe kile, akaukamulia ndimu, akanipa. "Mpelekee polepole, usimwage. Akikataa, kaa naye."